Injinia wa Mapazia

Siku Injinia alipotangaza kwamba hakuna fundi atakayeligusa tena gari lake, mafundi wa mtaa hawakulia. Walishukuru!

Uinjinia wenyewe alijipachika. Kazi yake hasa ilikuwa kuuza mapazia, na tangu anunue sanduku jekundu la vifaa, hata hiyo ilimshinda. Mteja akiuliza bei ya pazia la chumbani, anajibiwa habari za spana namba kumi na saba!

"Mwanamume bila spana ni simba bila meno," alimwambia mkewe, akilipangusa sanduku kama anayepangusa kitoto kichanga.

"Na mwenye meno asiyejua kutafuna, je?"

Injinia akacheka cheko la wakubwa.

Basi ikafika asubuhi ya arusi ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: kumfikisha mama mkwe ukumbini kabla ya bibi arusi. Lakini alipoketi kwenye gari na kusogeza kiti cha pembeni apate nafasi, akasikia, kwii!

"Bushi ya gurudumu la mbele hiyo, imekwisha!" akasema. Hata daktari mwenye picha ya mapafu mkononi hana uhakika wa namna ile.

"Twende hivyohivyo," mkewe akamsihi. "Kulia si kufa."

Wapi! Akavaa ovaroli mpya, akapiga jeki mpaka magurudumu ya mbele yakaning'inia, akaegemeza magogo chini, kisha akazama uvunguni na spana mbili mkononi, ya tatu mdomoni. Akagonga. Akakaza kilichokwisha kukazwa. Akapangusa kilichokuwa safi. Alipotaka kutoka, ovaroli ikakataa: mkanda wake wa mgongoni ulikuwa umenasa kwenye chuma. Akavuta, akajipinda, akanyonga shingo. Ndiyo kwanza ukakaza!

Mara viatu vya mama mkwe vikasimama kando ya gurudumu. Mama huyo alikuwa mkunga mstaafu, na hakuwahi kuchelewa popote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona salamu inatoka ardhini?"

"Namalizia kidogo tu, Mama."

"Kidogo gani? Miguu haitikisiki."

Jasho likamwingia machoni. Uvunguni mule, Injinia alijiona wazi: akisema amekwisha, asiposema arusi imekwisha.

"Mama... nimenasa."

Mama mkwe akamkabidhi binti yake mkoba, akakunja mikono ya gauni lake la sherehe, akachutama.

"Huyu katanguliza miguu," akasema. "Wa namna hii nimewatoa wengi. Haya, baba, pumua. Usisukume mpaka nikwambie!"

"Mama, mimi si..."

"Pumua! Sasa sukuma!"

Akavuta. Ovaroli ikalia chraaa, ikapasuka kutoka shingoni hadi makalioni, na Injinia akateleza nje mweusi tii kwa grisi, na kaptula ya maua iliyoshonwa kwa mabaki ya pazia. Majirani walikwisha kujaa ukutani.

"Mama," mkewe akauliza, machozi ya kicheko yakimtoka, "tumepata nini?"

"Tumepata hasara."

Injinia akaoga mbiombio, akavaa suti, wakajipakia. Mama mkwe alipokaa, kiti kikalia: kwii! Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa bata wa mpira wa mjukuu wake. Akamweka bata juu ya dashibodi, amtazame Injinia usoni.

Injinia akaona sasa dawa ni mwendo. Akawasha gari, akatia gia, akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama ndege inayoruka!

"Polepole, Baba Watoto," mkewe akasema baada ya kitambo. "Ila mbona huu ni mlango wetu bado?"

Magurudumu ya mbele yalikuwa yakizunguka hewani kwa bidii zote.

Mama mkwe akatoa simu, akampigia fundi wa kona, yuleyule ambaye Injinia alimwita mwizi juzi mbele ya watu.

"Gari limeharibika nini, Mama?" fundi akauliza.

"Gari ni zima kabisa, mwanangu. Aliyeharibika ni mkwe. Njoo na gari lako utuchukue sisi; yeye mwache hapohapo, maana anaenda kasi sana."