Boti Iliyokuja Kusalimia

Zogo la siku ile lilianzia kwenye simu ya Kinyozi. Alikuwa amefunga banda lake saa nne asubuhi kwa madai kwamba vichwa vimeadimika, akavuka ubao wa kuingilia kijiwe cha kahawa, akainama mlangoni asijigonge, kisha akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio:

"'Vyombo vyote vinavyoingia kutembelea mito na mifereji ya ndani, kuanzia sasa lazima viwe na leseni ya ugeni na cheti cha usalama. Kisicho navyo kitavutwa.'"

"Safi kabisa!" Karani aligonga meza, vikombe vikaruka. Alikuwa amestaafu kazi ya mahakamani, lakini mpaka leo aliongea kama vile hakimu ametoka nje kidogo akamwachia kiti. "Wavutwe! Mtu anatoka huko kwao na sanduku linaloelea, anaingia mto wa watu, hajulikani kaja na nini. Hii si nyumba ya mjomba."

"Mzee Karani, wewe ukisikia neno 'kuvutwa' unanenepa," alisema Sindano, dada mshonaji wa ile fremu ya kona. Alikuwa anapindia suruali ya mteja huku anakunywa kahawa, na hajawahi kumwaga hata tone. "Leo boti, kesho utadai na mashemeji wakaguliwe wakija kutembea."

"Na wakaguliwe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shemeji yangu alikuja kwa siku mbili, sasa anajua siri ya kufungua friji yangu kuliko mimi."

Nanga, mwenye kahawa, alicheka akatikisa birika. Alipenda asubuhi za namna hii. Wao watatu walikuwa hawaelewani hata juu ya jua limetokea wapi, lakini kila siku walirudi, na kila siku aliwamiminia kabla hawajaomba.

"Haya mwanasheria," Kinyozi akauliza, "chombo mgeni ni kipi hasa?"

Karani akakunja nne. "Chombo mgeni ni kile kilichotoka kwingine, hakijaandikishwa hapa, na mwenyewe alitamka mbele ya mashahidi kwamba amekuja kutembea tu."

Sindano akaacha kushona.

"Nanga," alisema polepole, "wewe uliposimamisha hii boti hapa, si ulituambia umekuja wiki moja kumsalimia dada yako?"

"Ndiyo."

"Ulimsalimia?"

"Siku ile ile."

"Ikawaje?"

"Injini ikafa."

"Mwaka gani?"

Nanga alihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukajaa, akaazima kidole cha mkono wa pili. Miaka sita. Injini ilikufa, akatandika mabenchi kandokando, akaweka jiko nyuma, akaanza kuuza kahawa akisubiri fundi. Fundi alikuja, akaagiza kahawa, akasahau alichoitiwa. Boti ikawa kijiwe. Hata Nanga mwenyewe, akilala kwenye kile chumba cha mbele, alikuwa hakumbuki tena kwamba chini ya godoro kuna maji.

"Hii si boti," alijitetea. "Hii ni nyumba iliyolowa."

"Nyumba gani ina usukani?" Kinyozi akamuuliza.

"Wewe banda lako lina kioo, ni saluni ya bibi harusi?"

"Ngojeni, ngojeni." Karani, aliyekuwa anataka wavutwe dakika tano zilizopita, sasa alikuwa amepata mteja. "Tutasema kwamba chombo kisichotembea hakiwezi kutembelea. Ni hoja nzito sana hiyo. Wakija..."

"Hodi humu!"

Ubao ulilia. Akaingia msichana wa ofisi ya njia za maji, sare imenyooka, daftari kwapani. Alimwamkia kila mtu vizuri, shikamoo kwa Karani, akakaribishwa kikombe, akakataa kwa adabu. "Nikishamaliza kazi," alisema. Nanga akakirudisha kikombe mezani.

"Mzee wangu," mkaguzi akamwambia Karani, "nimesikia hoja yako tangu nikiwa huko nje. Chombo hiki kinaelea?"

"Kinaelea kwa bahati mbaya tu."

"Kinaelea, basi ni chombo. Kizima moto kiko wapi?"

"Binti yangu," alisema Kinyozi, "tumezungukwa na mto mzima!"

"Moto ukianza, utauchota na nini?"

Kinyozi alitazama kikombe chake.

"Majaketi ya kujiokolea?"

Lilikuwepo moja. Walilitafuta kila pembe, kumbe Karani alikuwa amelikalia tangu siku boti ilipofungwa hapo, kwa sababu ya kiuno. Lilipovutwa lilikuwa bapa kama chapati.

Vicheko vikaendelea mpaka mkaguzi alipopiga magoti nyuma, chini ya benchi la Sindano, ulipokaa mtungi wa gesi. Aliukunja kidogo kwa vidole mpira wa kupitishia gesi. Ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Akaufunga mtungi, akafungua madirisha yote, ndipo akageuka.

"Kaka, huwa husikii harufu humu?"

"Asubuhi asubuhi," alisema Nanga. "Nilidhani ni tope la mto."

"Si tope. Gesi hii haipandi juu, inashuka. Kwenye nyumba ingetoka chini ya mlango. Boti haina chini ya mlango. Inajaa sakafuni kama maji kwenye sufuria, halafu siku moja mtu anawasha kiberiti."

Sindano aliinuka taratibu kutoka kwenye benchi lake, suruali ya mteja bado mkononi. Nanga alimwona, akamwona Kinyozi, akamwona mzee Karani anapapasa mfuko aliowekea sigara. Kila alfajiri kwa miaka sita yeye ndiye aliyewasha kiberiti, halafu akawaita: karibuni, kahawa tayari.

"Nakupa siku saba," alisema mkaguzi, sauti imelainika. "Rekebisha haya, jaza fomu, nitarudi. Usiporekebisha, tutaivuta."

Alipoondoka, wote walimgeukia Nanga.

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," Sindano akasema. "Tusikae tunamtazama mwenzetu."

Basi wiki ile hakuna aliyezozana, au tuseme walizozana huku wanafanya kazi. Mtungi ulihamishiwa nje, kwenye kisanduku chenye matundu ubavuni mwa boti, na mpira mpya. Kinyozi alileta kizima moto kilichokuwa kinashikilia mlango wa banda lake. Sindano alishona mikanda mipya kwenye majaketi manne ya mitumba, akayajaribisha kwa kumvika Karani na kumvuta mpaka akaomba radhi. Karani alijaza fomu kwa mwandiko wa mahakama. Penye "muda unaotarajia kukaa" aliandika: *Injini ikipona*.

Siku ya saba mkaguzi akarudi. Alinusa, akavuta mikanda, akatikisa kizima moto, akainama, akainuka. Kisha akagonga mhuri, na safari hii akapokea kikombe. Nanga alikitazama cheti mpaka herufi zikamcheza machoni.

"Soma, soma!" walimshangilia.

Akasoma vizuri mpaka mstari wa mwisho. "'Idadi ya juu ya watu chomboni, kwa wakati mmoja: wanne.'"

Wakahesabiana. Nanga, Karani, Sindano, Kinyozi. Wakashusha pumzi. Kisha wote wakamgeukia mkaguzi, aliyekuwa ameketi raha mustarehe na kahawa yake.

"Tumezidi," alikiri, akipuliza kikombe. "Mmoja ashuke."

"Mimi kiuno," Karani akawahi.

"Mimi nimeshona."

"Mimi nimetoa kizima moto changu!"

"Nahodha lazima awemo?" Sindano akamuuliza mkaguzi.

"Chombo kikiwa kimefungwa, si lazima."

Ndivyo Nanga alivyojikuta ukingoni, nje ya boti yake mwenyewe, aproni kifuani, akiwatazama wateja wake kupitia dirisha. Kwa miaka sita hakuwahi kukiona kijiwe kikiwa kimejaa kutoka nje. Kilikuwa na mvuke na makelele, na kimelala upande mmoja, upande wa Karani.

"Jamani!" aliita. "Na mimi nipeni kikombe basi!"

Kinyozi akachungulia, birika mkononi, kidevu juu kama mwenye nyumba.

"Subiri hapo hapo," alisema. "Kwanza tueleze: wewe ni mwenyeji, au umekuja kutembea?"