Pikapu Nyeupe, Mayai Mazima

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Mke wangu amekubali tununue pikapu. Siku zote hizi mayai yake yanakwenda kwa mkokoteni, na kila yakifika kwa mwokaji wa keki, nusu ya trei ni uji. Mwokaji ndiye mteja wake mkubwa. Jana kamwambia waziwazi: yakifika tena yamepasuka, anatafuta mfugaji mwingine. Mke wangu hakugusa chakula. Banda zima la kuku linataga kwa ajili ya mtu mmoja na keki zake. Akituacha huyo, tumekwisha.

Kwa hiyo pikapu. Kwa dalali wa magari ziko mbili, nyeupe na ya kijani. Mwaka mmoja, injini sawa, mzigo uleule, bei hazipishani. Nikajitolea kuchagua. Mke wangu akageuka kutazama banda. Najua alichokuwa anawaza: ile mashine ya kutotolea vifaranga niliyomchagulia mwaka jana. Jamani, mashine ilikuwa nzuri! Mayai ndiyo yalikuwa mavivu.

Hapo hapo shemeji akadakia. Huyu ni kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva, mtu anayefunga mkanda hata akiwa anaosha gari. Anasema ichukuliwe ya kijani, eti ina subira. Gari lina subira! Mke wangu akakata shauri: Jumamosi zitajaribiwa zote mbili. Nyuma trei ya mayai, mbele mama mkwe. Mayai yapime springi, mgongo wa mama upime kiti, maana mgongo huo haukubali utani. Mimi nitaendesha nyeupe, shemeji ya kijani. Itakayoshinda ndiyo itakayonunuliwa, na aliyeichagua ndiye atakayekaa na ufunguo.

Ufunguo! Tayari najiona mtaani, nauzungusha kidoleni, watu wananiuliza kama ninaelekea mjini.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa dalali kuikagua nyeupe. Ukaguzi wa kina. Nimeketi. Kiti kinakupokea kama shangazi ambaye hajakuona siku nyingi. Kina pa kuegemeza shingo, pa kuwekea kiwiko, pa kuwekea kikombe. Nikafumba macho nipime utulivu. Nilipofumbua, jua lilikuwa limehamia upande wa pili na dalali anafunga geti. Starehe: imepita mtihani.

Uimara nao nikaupima. Nilimwuliza dalali kama gari ni imara. Akaapa kwamba ni imara. Tukaliwasha. Likakohoa, likazima. Likakohoa tena, likazima. Mara ya tatu likawaka. Dalali akanieleza kwamba linasafisha koo, na kwamba magari ya heshima yote yana tabia hiyo. Anayajua magari, dalali huyu. Halafu ananiita bosi.

Ya kijani nimeitazama kwa mbali tu. Kiti kimeshonwa kwa turubai. Redio haina. Iliwaka mara moja, bila madoido yoyote. Gari la watu waliokata tamaa.

Jumatano, 5 Machi

Kampeni. Nimemwendea mama mkwe chumbani kwake na mto mpya wa kuegemea. Nikamsifia kiti cha nyeupe mpaka koo likakauka. Akasikiliza. Akauliza kama mlangoni kuna pa kushikia mtu anapopanda. Sikuwa nimeangalia. Nikamwambia nitamshika mkono mimi mwenyewe, mkwe wake. Akasema afadhali chuma. Mto ameuchukua.

Shemeji naye alikuja jioni, hakuleta kitu, akamwuliza tu mgongo umeamkaje. Mnafiki mkubwa! Wakazungumza saa nzima. Nilisikiliza mlangoni. Walizungumza mgongo mwanzo mpaka mwisho. Ana mbinu chafu.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Niliona nijaribu nyeupe kwa siri kabla ya siku yenyewe. Dalali akanipa nizunguke nayo kidogo. Nikapakia trei moja ya mayai niliyoichukua stoo bila kusumbua mtu, nikapita barabara ile ile ya Jumamosi: mashimo karibu na kiwanda cha matofali, matuta mbele ya shule, kisha mteremko wa kokoto hadi nyumbani. Mbele, raha mustarehe. Niliimba. Nikaenda kufungua nyuma. Hakuna yai lililobaki zima. Ute unachuruzika hadi kwenye namba ya gari.

Kumbe kiti kinamlea dereva, lakini springi za nyuma zinaruka kama mbuzi aliyekata kamba! Sasa nifanyeje? Jumamosi mayai yakivunjika mbele ya mke wangu, ufunguo unakwenda kwa shemeji, na mimi nitakuwa abiria mpaka kufa.

Mke wangu ameuliza trei yake imekwenda wapi. Nikamwambia nimempa mhitaji. Akasema nina moyo mzuri. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Baadaye, nikiwa nakosha bodi ya gari, nikaona yai moja limelala kwenye kona, ganda limepasuka lakini halikumwagika. Nikaliokota. Lilikuwa limeiva kwa bati lililochomwa na jua. Nikalitazama. Nalo likanitazama. Akili ni nywele, na leo mimi nina zangu za kusuka!

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu alipoingia bandani kuokota mayai, mimi niliingia jikoni kuchemsha. Trei nzima, sufuria kubwa, moto wa wastani. Mtu asidhani ni kazi nyepesi. Mengine yalipasuka majini, nikayala ili kuficha ushahidi. Nikaongeza mengine badala yake, nayo yakapasuka, nikala. Sijawahi kushiba vile kwa ajili ya familia.

Ghafla mama mkwe mlangoni, na mto wangu kwapani. Akauliza napika nini. Nikamjibu kwamba nayaosha mayai kwa maji ya moto kuua vijidudu, ndiyo usafi wa siku hizi. Akasema amefuga kuku tangu usichana wake na hajawahi kusikia. Nikamwambia dunia inabadilika, mama. Akaitazama sufuria. Akanitazama mimi. Akaitazama tena sufuria. Kisha akasema haya, mwanangu, na akaondoka zake.

Haya hiyo siipendi.

Mayai nimeyapoza, nimeyafuta, nimeyapanga kwenye trei. Hata kuku mwenyewe asingeyatofautisha. Mpango ni huu: baada ya jaribio nitayabeba mimi kwenda stoo, niyabadilishe, kwisha habari.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike yote.

Shemeji alitangulia na ya kijani. Aliendesha kama anayebeba maiti. Waliporudi, mayai mawili yalikuwa na ufa, mengine salama. Mama mkwe akasema kiti kinachoma kidogo ubavuni ila gari linatulia. Shemeji akatabasamu. Cheka tu, bwana!

Zamu yangu. Nyeupe ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikakataa. Shemeji na mke wangu wakasukuma, majirani wakasaidia, ikawaka. Nikapiga honi kuwashukuru. Kisha nikaenda! Kwa nini niogope mashimo, mimi mwenye mayai yangu? Kwenye matuta ya shule tuliruka juu. Kilemba cha mama mkwe kilitoka dirishani, ikabidi turudi kukiokota. Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akawa anatazama mbele tu.

Tukafika. Mke wangu akafungua nyuma. Akahesabu kwa kidole. Hakuna hata lenye ufa! Watu wakapiga makofi. Shemeji akainama chini ya gari kutazama springi, akainuka, akainama tena. Uso wake! Ningeweza kuutia fremu. Mke wangu akanitazama vile ambavyo hajanitazama tangu harusi, akachukua ufunguo kwa dalali aliyekuja na magari yake, akaniwekea mkononi. Wallahi machozi yalinilengalenga.

Nikajisogeza kubeba trei kwenda stoo. Akanizuia. Akasema twende sasa hivi kwa mwokaji, trei zote mbili, ayaone haya mazima kwa macho yake na moyo wake utulie. Nikasema ya nini haraka. Nikasema mwokaji amechoka leo. Nikasema mayai haya ni ya kumbukumbu, tuyatunze. Nikajitolea kuyala. Mke wangu akacheka, akasema ushindi umenipanda kichwani.

Kwa mwokaji kulikuwa na watu foleni hadi nje. Mke wangu akaweka trei mezani, kidevu juu, akamweleza habari za pikapu nyeupe. Mwokaji akafurahi. Akachukua yai, akaligonga kwenye ukingo wa bakuli. Ko. Akaligonga tena. Ko. Akaligonga kwa nguvu, likatua bakulini, zima, likaviringika kwenye unga. Akalimenya. Akachukua la pili. Akachukua la tatu. Foleni yote ikawa inanyoosha shingo.

Mwokaji akauliza kama gari letu lina jiko nyuma.

Nikaeleza. Nikasema ni injini. Injini ya nyeupe ina nguvu mno, joto lake linapanda hadi kwenye bodi, tena ni faida hiyo, wakati wa baridi. Mtu mmoja kwenye foleni akasema basi na yeye anataka gari hilo, apike maharage. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango akijikanda kiuno, akasema njia ya mwongo ni fupi, ingawa leo yeye ameiona ndefu sana, na yenye matuta.

Mwokaji akavua aproni. Akasema hana muda wa mizaha, ana keki ya harusi ya kutoa kabla ya jua kuzama, na kama mayai yenyewe ndiyo haya, biashara na mke wangu iishie hapo. Mke wangu akaivuta trei yake kifuani. Hapo ndipo shemeji alipoingia na trei ya pikapu ya kijani. Mwokaji akagonga moja. Likafunguka, kiini cha manjano, safi. Akagonga lingine. Akaivaa tena aproni yake. Akasema sawa, ataendelea kuchukua, kwa sharti moja: yule bwana, yaani mimi, asiguse mayai tena.

Mke wangu hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Tulipotoka nje aliniuliza polepole: ningemharibia kazi yake yote kwa ajili ya kiti? Nikaona haya, kweli niliona haya, nikatamani kujificha hata chini ya gari. Akanyoosha mkono. Nikamrudishia ufunguo.

Nyeupe ikakataa kuwaka. Ikavutwa na ya kijani kwa kamba, mtaa kwa mtaa, watoto wakitufuata wakiimba yai, yai. Mimi nikiwa kwenye usukani. Kiti, lakini, kilikuwa raha mno.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi, mayai ya kuchemsha. Mchana, mayai ya kuchemsha. Nimeuliza kama kuna kitu kingine. Mke wangu akasema kipo: chumvi.

Jumatano, 12 Machi

Ya kijani imenunuliwa. Shemeji anaendesha, mama mkwe anakaa mbele juu ya mto wangu, na ufunguo analala nao yeye, mama mkwe, chini ya mto huo huo. Mimi ninafungua geti gari likitoka na kulifunga gari likirudi. Leo mwokaji ameongeza oda. Mke wangu alikuwa anaimba bandani. Nikasimama nje nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikaapa: kuanzia leo, ujanja basi.

Jumamosi, 15 Machi

Habari kubwa! Kwa vile mwokaji anataka mayai zaidi, mke wangu anataka kuku zaidi, na kwa hiyo anataka mashine mpya ya kutotolea vifaranga. Dukani ziko mbili zinazofanana: moja ya bati tupu, moja ya kioo yenye taa za rangi. Shemeji anataka ya bati. Kama kawaida! Mimi nimesimama na ya kioo. Muuzaji amekubali tuzijaribu zote mbili nyumbani. Mayai yameingizwa leo asubuhi, na kwa kuwa mimi siruhusiwi kuyagusa, nilitazama kwa mbali, mikono nyuma, mtu aliyetubu. Itakayototoa vizuri ndiyo itakayonunuliwa, na aliyeichagua ndiye atakayekaa na ufunguo wa banda.

Ufunguo!

Nimekaa nikatafakari sana yaliyonipata. Mtu mwenye akili hujifunza kutokana na makosa yake, na langu nimeligundua: niliwapelekea mayai yasiyo na uhai. Safari hii nimekwenda moja kwa moja kwa muuza vifaranga. Ataniletea boksi zima kesho, kwa mlango wa nyuma, na mayai yaliyomo kwenye mashine sitayagusa kabisa, nitayafagia nje kwa ufagio.

Mama mkwe anasema vifaranga huchukua wiki tatu. Hizo ni za mashine ya shemeji. Yangu itatotoa Jumatatu.