Goti Lililonitia Aibu kwa Daktari

Jamani, nimeaibika! Nawaandikieni leo hii, wenzangu wa Andoany, kabla habari haijawafikia kwa vinywa vya abiria wanaokuja huko.

Mnajua nilianguka ngazini nikishusha jora la kitambaa. Tangu hapo mguu wa kushoto una ganzi. Fundi cherehani asiyeweza kukanyaga pedali atakula nini? Leo asubuhi mke wangu, Moina, akanikokota kutoka mtaani kwetu Ampisikina hadi kwa daktari Mfaransa. Moina akabaki barazani na wagonjwa wengine.

Daktari akatoa nyundo. Nyundo! (Ya mpira, lakini nani aliniambia?)

Muuguzi, Bi Soa, akanitafsiria kwa Kimalagasi: "Atakugonga goti. Mguu ukiruka, uti wa mgongo ni mzima."

Na usiporuka? Sikuthubutu kuuliza.

Daktari akagonga mguu mbovu. Kimya. Akagonga ule mzima. Kimya! Jasho likanitiririka. Nilikuja na mguu mmoja mgonjwa, sasa nina miwili.

Daktari akanibonyeza nyuma ya paja, akatikisa kichwa.

"Umekaza huku nyuma kama mtu anayetaka kukimbia," Bi Soa akatafsiri. (Nilitaka.) "Msuli wa nyuma ukikaza, wa mbele huamriwa ulegee. Ndiyo maana mguu hauruki. Legeza!"

Nilegeze vipi na nyundo iko hewani?

"Basi pachika vidole vya mkono mmoja katika vya mkono wa pili, uvute kwa nguvu. Tazama dari."

Nikavuta. Nikatazama dari. Tap!

Mguu wa kushoto ukaruka wenyewe, wallahi sikuutuma! Kiatu kikachomoka, kikatua kwenye beseni, dawa ya kahawia ikamrukia daktari kifuani. Nikajua roho ndiyo hiyo, inatokea gotini. Nikatoa shahada kwa sauti yangu yote.

Moina akaisikia. "Mume wangu kafa!" Baraza zima likamiminika ndani, mzee mmoja ameshaanza kusoma Yasini. Wakanikuta nimekaa mezani, nguo nimeipandisha mapajani, vidole bado nimevipachika.

Daktari akajifuta, akamgeukia Bi Soa. "Mwambie uti wake ni mzima kuliko suti yangu. Apumzike, ganzi itaisha."

Moina hajasema nami tangu tutoke. Na tulipofika nyumbani, jirani, aliyekwisha kusikia kwamba nimekufa, alikuwa ameshaleta mchele wa matanga.

Tafadhali msicheke. Mkishindwa, chekeni taratibu, maana mchele tumeupika na ndio naula sasa hivi.