Jaji Asiyejua Kukataa

Jumatatu, 2 Machi 1857

Nimechoshwa na ukuta wa Chama cha Hekima! Wametundika barua ya seneta mmoja akikataa kuja kuwahutubia, na hapa chuoni barua ya mkubwa, hata ya kukataa, ndiyo fahari ya chama. Kurasa mbili, muhuri mwekundu, majuto tele. Kila mwanafunzi mpya akiiona anajiunga nao. Sisi wa Chama cha Nuru tuna askofu mmoja tu aliyetukataa, tena kwa mistari mitatu.

Mimi ndiye katibu wa barua. Jioni ya tarehe 20 tunachagua mwenyekiti, na nusu ya chama inamtaka Obadiah Tuttle, yule mpole asiyefanya lolote. Nikileta kukataliwa kwa kurasa tatu, kiti ni changu. Kwa hiyo nimemwalika Jaji Hezekiah Wardlow wa mji wa Columbus aje kutuhutubia siku hiyohiyo. Mzee, maarufu, mwenye maneno mengi. Nimemsifu mpaka mkono ukauma. Hawezi kuja. Watu wa hadhi yake hawaji kamwe, ndiyo maana tunawaalika.

Jumanne, 10 Machi

Anakuja.

Mstari mmoja tu, kwamba amefurahi na atafika. Hata kutundika haufai! Tuttle aliniuliza, kwa ule upole wake, kama chama kimewahi kupata mgeni aliyefika kweli. Hakuna anayekumbuka. Hatuna hata kiti cha kumkalisha.

Alhamisi, 12 Machi

Akili imenirudia. Nimemwarifu Jaji kwamba surua imeingia chuoni, nikamsihi ailinde afya yake kwa ajili ya taifa. Sasa atakataa, na kwa huruma atakataa kwa urefu. Nimemwagiza seremala fremu ya kuitundikia barua hiyo.

Jumatatu, 16 Machi

Jaji aliugua surua utotoni. Haiogopi. Tena atawahi, afike Alhamisi badala ya Ijumaa, apate kuwafariji wagonjwa.

Wagonjwa gani? Niliwabembeleza wawili wa mwaka wa kwanza walale kitandani siku hiyo na kuguna kidogo. Wakaniambia niugue mwenyewe.

Ijumaa, 20 Machi

Basi jana niliugua mwenyewe. Nilijipaka madoa kwa maji mekundu ya bitiruti, nikajifunika gubigubi. Jaji akavuta kigoda, akanishika mkono, na ili kunituliza akanisomea hotuba yake yote. Inahusu mifereji ya mashua. Kuanzia ule wa kwanza kuchimbwa. Usiku alilala kitandani kwangu, mimi sakafuni, naye hukoroma.

Leo nikapona ghafla. Jaji akasema ni uwezo wa Mungu. Tuttle akasema ni uwezo wa sabuni.

Jioni ukumbi ulijaa, hata wale wa Hekima walikuja kumshangaa mgeni aliye hai. Saa ya kwanza watu walimsikiliza. Ya pili walisinzia. Katikati ya tatu jiko la kuni la kutupasha joto likazima, na bado tulikuwa tunachimba mfereji wa pili. Ndipo Jaji akatua kuvuta pumzi, na Tuttle akainuka, akamshukuru kwa niaba ya chama, akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Sijawahi kusikia makofi kama yale.

Baada ya chakula tukapiga kura. Mimi nilipata moja, na najua niliipiga mwenyewe. Anafanya nini yule Tuttle? Anainuka tu!

Jumamosi, 21 Machi

Nimemsindikiza Jaji stesheni. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, macho yamemlowa.

“Mwanangu,” alisema, “miaka yote hii vyama vya wanafunzi vinaniandikia, na nikisoma tu naona kabisa hawanitaki. Wewe ndiye wa kwanza kuniita kwa moyo.”

Niliona aibu, tena aibu kubwa. Ilinidumu mpaka nilipofika darajani nikirudi chuoni.

Uchaguzi mwingine ni Oktoba. Nimekwisha kumwandikia Jaji barua ya shukrani, nikaisifu mifereji yake ukurasa mzima, na mwishoni, kwa adabu tu, nikamwalika tena. Mzee wa umri ule hawezi kufunga safari ile mara mbili kwa mwaka mmoja. Atakataa tu, na kwa jinsi anavyonipenda sasa, hazitapungua kurasa nne.

Nimepita kwa seremala. Nimemwambia ile fremu aiongeze upana.