Makongoro kwa ajili ya Colorado

Jumatatu, 3 Februari

Asante Mungu kwa daktari anayeongea taratibu. Ufa kwenye muundi wa Angel unapona. Kasema kushindana kuteleza kwa skii kwenye theluji si kubaya, ile mishtuko ya mteremko huimarisha mifupa. Ila mwili ukinyimwa chakula, mfupa hauna cha kujengea. Na Angel aliacha kula usiku ili awe mwepesi! Mwanangu! Atapimwa tena mwisho wa mwezi. Asipoongezeka uzito, haendi Colorado na timu. Angel amelia njia nzima hadi nyumbani, hapa Lewisville, Texas. Mimi pia, ila nilikuwa naendesha.

Daktari alitaja maziwa, mayai, wali, usingizi. Makongoro, supu yetu ya kwato za ng'ombe, hakuyataja. Nadhani alisahau.

Jumanne, 4 Februari

Nimechemsha kwato tangu asubuhi. Jirani wa juu kagonga kuuliza kama tuko salama. Mume wangu Kalisti kafungua madirisha yote, na nje baridi! Angel kaziba pua, kanijibu kwa Kiingereza chake kwamba anaenda kusoma kwa rafiki yake Glory, jengo la pili.

Mama yake Glory, Pelagia, ni nesi. Basi hatupumui kwa ushauri wake. Kapiga simu: "Mama Angel, mifupa haijengwi kwa sufuria moja, shoga yangu. Mtoto ale kila siku, ashibe." Nikamwambia asante, dada. Wivu tu. Yeye kwato atazipata wapi?

Jumamosi, 8 Februari

Aibu! Angel haruhusiwi kuteleza bado, lakini huwa tunakwenda Fort Worth kuwashangilia wenzake kwenye ule mteremko wa zulia wanakofanyia mazoezi ya skii, ndani ya ukumbi. Nikabeba bakuli. Nilijiambia atakunywa akiona wenzake. Supu ilikuwa imepoa, imeganda kama jeli. Nikampungia Angel mkono, bakuli likaniponyoka. Kocha wao Brandon akaikanyaga ile supu pale juu ya mteremko, akashuka hadi chini bila skii! Watoto wakampigia makofi. Pelagia, aliyekuja nasi, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kocha hakuvunjika popote, namshukuru Mungu. Nikamwambia mifupa yake ni mizuri sana, anakula nini? Akaenda kubadilisha suruali.

Jumanne, 25 Februari

Anakwenda! Uzito umepanda, ufa umeziba, daktari katabasamu. Nimemkumbatia daktari, nesi, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake.

Nikasema mbele ya wote: ni supu yangu. Angel akainamisha kichwa, akakiri. Kumbe hajanywa hata kijiko. Kila jioni alipokwenda "kusoma", Pelagia alikuwa anampa ndizi na nyama na glasi ya maziwa, halafu anamrudisha mapema alale.

Nikamfuata Pelagia kwake. Nilitaka kununa, nikashindwa, nikalia begani kwake. Kasema, "Alikuwa anakimbia harufu ya supu yako, Mama Angel. Amefika mlangoni ana njaa, ningemwacha?" Mungu ambariki mwanamke huyu. Mtoto wangu kashiba mezani kwake, nami nilidhani ni wivu.

Jumatano, 26 Februari

Nimefikiri vizuri. Bila harufu, Angel asingekimbia. Asingekimbia, asingekula kwa Pelagia. Kwa hiyo ni supu!

Nimeagiza kwato nyingine. Sufuria kubwa zaidi, ya safarini. Naomba tu kwenye basi la Colorado madirisha yafunguke.