Kuhusu Binti Yako na Matairi Yangu

Kwa Baba Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na hasira za binti yako bado ni zile za kawaida.

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MKE WANGU, ALIYEYAKIMBIA MATAIRI

Kichwa hicho kinahusika, nami nahusika zaidi. Ningeweza kuja mwenyewe tukazungumza sebuleni kwako, lakini jambo zito namna hii lina heshima yake likiandikwa. Ipo na sababu nyingine, ndogo tu, haina haja ya kutajwa hapa.

Najua umeshasikia upande mmoja. Binti yako aliondoka Jumamosi kwa teksi, yeye na mama yake, akaacha maneno kwamba nichague: yeye au matairi. Jamani! Mtu mzima, mwenye ndoa halali, anashindanishwa na mpira! Wewe umeendesha basi la abiria mpaka ukastaafu, tairi unalijua kuliko sisi sote, ndiyo maana nakuteua uwe hakimu wa shauri hili, ingawa mshtakiwa analala kwako na anakula mezani kwako.

Kwanza asikudanganye kwamba hakushirikishwa. Tulikwenda pamoja kwa Fundi Nati, tukaonyeshwa saizi tatu. Ya kwanza ilizidi kidogo ile ya zamani, na fundi alisema ingekaa bila kugusa popote. Ya pili ilitaka madigadi yapunguzwe kwa msumeno. Ya tatu ilikuwa imelazwa kando ya ukuta na gereji nzima wakiikalia wakati wa kunywa chai. Fundi alinionyesha kwa utani. Nikachagua ya tatu, na rimu pana za kwendana nayo. Fundi alicheka, halafu akaona sicheki, akaacha kucheka akaanza kazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Pale pale gereji, mbele ya mafundi na wateja, binti yako aliuliza: kwani tunakwenda wapi? Nikamjibu, milimani. Akauliza mlima upi. Nikasema barabara yoyote inaweza kuharibika, mtu ajiandae. Akanikumbusha, kwa sauti ya kusikika, kwamba mimi ni karani wa bima, kwamba kutoka nyumbani hadi ofisini ni lami tupu, na kwamba tope pekee tunalolikanyaga ni la bomba la uani ambalo nimeahidi kulitengeneza tangu tuoane. Mafundi waliinamia spana zao. Baba, swali kama hilo mke humuuliza mumewe chumbani, tena taa ikiwa imezimwa.

2. Ananidhalilisha kwa kimo changu. Ni kweli Mungu hakunipa urefu, na ni kweli sasa napanda gari kwa kigoda. Lakini kuna haja gani ya yeye kusimama barazani kila asubuhi, kabla naye hajapanda, akihesabu kama seremala anayepima mbao: mguu wa kwanza, mguu wa pili, haya sukuma? Jirani yetu, mwenye gari dogo kama kopo la rangi, siku hizi anamwambia kila mtu kwamba gari langu linajiendesha lenyewe. Pilipili ya shamba yamwashia nini?

3. Hataki kukubali sayansi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo, lakini mita ya gari haijapewa taarifa, inaendelea kuhesabu kizamani. Matokeo yake umepungua umbali wa dunia. Kutoka kwangu hadi kwako zilikuwa kilomita ishirini. Siku tulipokuja kumchukua Mama, mita ilisoma kumi na nane. Nimekusogezea binti yako karibu, Baba, bila kuhama nyumba! Badala ya kunishukuru, alitoa mfano wa yule askari wa barabarani aliyetusimamisha siku hiyo hiyo akidai nimepita mwendo, ilhali mshale wangu ulikuwa umetulia kabisa kwenye hamsini. Nilimweleza askari kwa upole kwamba kifaa cha serikali kina hitilafu. Binti yako, badala ya kusimama na mumewe, alimpa askari pole.

4. Analalamikia kelele. Matairi haya yana meno, na meno yakikutana na lami yanavuma. Sasa ili tusikilizane humo ndani inabidi apandishe sauti, na wewe uliyemlea unajua kwamba binti yako akishapandisha sauti haishuki mpaka tufike, na mara nyingine haishuki hata tukifika.

5. Hili nimelifuta kwa adabu, maana linamhusu Mama Mkwe.

Lakini kwa kuwa utalisikia tu, bora ulisikie kwangu. Nilimpeleka Mama kliniki akaangaliwe presha. Tulimpandisha salama, mimi nikivuta na binti yako akisukuma. Kosa lilikuwa moja: kigoda kilisahaulika nyumbani. Tulipofika, Mama alitazama chini, akasema hashuki, yeye si paka. Muuguzi akatoka na mashine yake, akaomba kiti, akasimama juu yake, akampima kupitia dirishani mbele ya wagonjwa wote. Presha ilikuwa juu. Muuguzi akauliza kama kuna jambo linalomsumbua mgonjwa. Mama akanitazama mimi. Nakiri, niliona aibu.

6. Tuliporudi nyumbani binti yako alimshusha mama yake kwa kile kigoda, akaingia ndani, akafunga mzigo, akaita teksi. Akaondoka na kigoda. Nguo zake ni haki yake, sufuria naweza kuelewa, lakini kigoda, Baba? Alijua fika kwamba bila kigoda mimi mwenyewe siwezi kuingia ndani ya gari langu. Hiyo si hasira, hiyo ni hujuma.

Kwa hayo yote naomba uamue hivi: binti yako arudi, akirudi aniombe radhi mbele ya gari, lile swali la tunakwenda wapi lipigwe marufuku katika ndoa yetu, na Mama apimwe presha upya, safari hii akiwa chini, ili yasije yakasingiziwa matairi yangu. Msimamo wangu haubadiliki. Matairi hayatoki, hata nyumba ibaki kimya kama ilivyo sasa, hata chai niinywe peke yangu nikitazama kikombe chake.

Nisalimie Mama kwa heshima zote, shemeji zangu wote, hata yule anayenichekea kwa siri nikipita. Binti yako usimsalimie. Au msalimie, lakini asijue imetoka kwangu.

Wako katika ukoo na katika dhiki,

Mkweo, mwenye gari refu.

N.B. Mficha uchi hazai, Baba, kwa hiyo acha niitaje ile sababu ndogo. Gari halitoki. Lango letu lina chuma cha juu, na paa la gari linakigonga kwa upana wa kidole. Tangu matairi yafungwe nilikuwa natoka na kuingia bila shida, kwa sababu kila nilipotoka binti yako alikuwa kiti cha pembeni, springi zinakaa, tunapita. Mimi peke yangu sina uzito wa kutosha. (Hapo penye neno uzito, tafadhali ukimsomea, paruke.) Kazini nakwenda kwa lifti ya yule jirani mwenye kopo la rangi, magoti yakiwa kidevuni, naye anaimba njia nzima.

Fundi Nati amekuja, amenisukumia ndani ya gari, tumejaribu kutoka, ameangalia, amesema jambo lenyewe ni rahisi: nipunguze upepo, gari litapita, niende gereji akanirudishie matairi yangu ya zamani, ambayo hajayauza kwa sababu alijua. Jirani naye amejitolea mifuko ya saruji niipakie kiti cha pembeni.

Wote nimewakatalia. Nikitoa upepo gari litatoka, na gari likitoka, nitakuwa nimebaki na kisingizio gani cha kumwita? Mwambie bomba la uani nimelitengeneza, tope limekauka. Mwambie na lile swali lake la gereji nimelipatia jibu: bila yeye siendi popote. Aje akae kiti chake twende kwa fundi tukayavue.

Ila aje na kigoda.