Filimbi ya Pili

Jumatatu, 4 Machi 1771
Mzee Reuschel amevunjika jino la mbele. Ganda la mkate wa juzi. Miaka thelathini ndiye mpiga filimbi wa kwanza wa bendi ya kasri, tena ndiye mtunzi wetu. Mimi ni wa pili, mwaka wa kumi na moja huu. Leo mazoezini noti zake za juu zilivuja hewa kama sufuria ya viazi. Nikasikitika. Si sana. Nikampelekea keki ya lozi, ngumu kama tofali. Mkewe, Bi Ottilie, akaila yote na kunishukuru.

Jumanne, 5 Machi
Nimemnong'oneza kiongozi wa bendi kwamba mzee anastahili kupumzika. Akasema ni kweli, nikamwambie mwenyewe. Nikakumbuka nina shughuli.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee kaniita kwake. Shavu limevimba, vidole vimejaa wino. Katunga muziki wa filimbi mbili, tuupige Jumamosi kasrini mbele ya mgeni, dada wa mtawala wetu. Akanipa karatasi zangu: Filimbi ya Pili. Mazoezi hakuna, ufizi unamuuma. Nikaisome nyumbani, polepole. Sikuisoma. Ya pili ni ya pili. Mpagazi haulizi mzigoni mna nini.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemrudia na hoja nzuri. Kwa jino lile, ni huruma tu, tubadilishane.
"Umeisoma, Balthasar?"
Nikasema nimeisoma, tena nzuri.
"Na bado unataka tubadilishane?"
"Kwa ajili yako, mzee wangu."
Akanikabidhi ya kwanza. Mkono wake ulikuwa mzito kuiachia. Wivu huo. Nyumbani nikaitupia jicho: noti chache. Vizuri. Mkubwa hana haja ya kelele.

Jumamosi, 9 Machi
Chache kweli. Noti nne za chini, kisha kunyamaza. Nne tena, kunyamaza. Sehemu ya mtu asiye na jino.
Wimbo wenyewe ulikuwa kwa wa pili: mrefu, wa taratibu, wa pumzi za mtu mwenye nguvu. Mzee hana pumzi hizo. Akawa anaukata katikati, anavuta hewa kama anayepanda ngazi, anaendelea. Mimi nimesimama, filimbi kifuani, nahesabu kimya changu. Wimbo ukapita pote ninapopaweza, hasa zile sauti za kati, ambazo mjini hapa hakuna anayenishinda. Sikujua kama kuna mtu aliyewahi kuzisikia.
Mgeni alilia. Bi Ottilie akanishika mkono mlangoni. "Alikuandikia wewe, mwanangu. Wiki nzima anasema, sasa watamsikia Balthasar."
Nikaondoka bila kugusa soseji tulizoandaliwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Mzee hakuniacha nimalize. Kumbe ana muziki mwingine tayari, wa Pasaka, filimbi mbili tena. Akaweka sehemu zote mbili mezani.
"Safari hii chagua mwenyewe. Lakini soma kwanza."
Nikacheka. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Nikachukua ya pili, nikaikunja bila kuisoma, nikaitia mfukoni.
Mzee akaitazama ya kwanza iliyobaki mezani, akafumba macho. Nadhani kwa furaha.